Bibi Ellen White, na Asili ya Mafundisho ya Wasabato

Katika sharika zetu ziko nyumba ambazo mume huenda kanisani Jumapili na mkewe Jumamosi, na watoto hawajui wamfuate nani. Walimu nao huulizwa habari za Sabato njiani na sokoni, na wengine hujibu kwa ukali, kwa sababu hawakuelezwa neno hili lilianzia wapi. Kwa hiyo tumeona vema kuandika maisha ya Bibi Ellen White wa Marekani, ambaye Waadventista Wasabato humhesabu kuwa alipewa karama ya unabii. Siye aliyeyatunga mafundisho yote ya kanisa lile, walakini ndiye aliyeyatia muhuri, na mtu ajuaye habari zake atafahamu kwa nini mafundisho hayo yana nguvu juu ya mioyo yenye hofu. Tutajitahidi kusema yaliyo kweli tu, maana amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, hata jirani tusiyepatana naye katika mafundisho.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba mwaka wa 1827 huko Gorham, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani. Baba yake, Robert Harmon, alikuwa mtengeneza kofia. Naye na mkewe Eunice walikuwa Wamethodisti wenye bidii. Ellen na Elizabeth walikuwa pacha, watoto wa mwisho kati ya wanane. Baadaye jamaa yote walihamia Portland, mji wa pwani. Huko, Ellen alipokuwa na miaka tisa, msichana mmoja mkubwa kuliko yeye alikasirika akamtupia jiwe, likampiga usoni penye pua. Akazimia, akalala majuma matatu hali hajijui vizuri. Alipoinuka uso wake ulikuwa umeharibika, hata baba yake aliporudi safari hakumtambua. Mikono yake ikatetemeka asiweze kuandika vema, na kila alipojaribu kusoma herufi zikamchezea machoni. Hivyo masomo yake ya shule yakakoma, naye ndiye aliyekuja kuandika vitabu vilivyoenea duniani mwote.

Yatupasa kukaa kidogo katika miaka ile ya utoto wake, maana mengine yote yalimea hapo. Mwaka wa 1840 alikuja Portland mhubiri mmoja aitwaye William Miller, mkulima wa jimbo la New York, Mbatisti. Huyu alikuwa amesoma katika kitabu cha Danieli, mlango wa 8, habari za siku 2300, akazihesabu kuwa miaka, akaanza hesabu yake katika mwaka wa 457 kabla ya Kristo, akaona kwamba inakoma karibu na mwaka wa 1843. Akawaambia watu kwamba wakati huo Bwana Yesu atarudi. Miller hakuwa mtu wa hila. Alikuwa mpole na mnyofu, na watu maelfu walimsikiliza wakilia. Miongoni mwao alikuwako Ellen, mtoto wa miaka kumi na miwili, akatetemeka. Nyumbani alikuwa amesikia mahubiri ya moto wa milele. Na Wamethodisti wa siku zile walifundisha kwamba mwamini aweza kutakaswa kabisa na kujua moyoni kwamba ametakaswa. Msichana akajichunguza usiku na mchana, asione utakaso huo ndani yake. Akaamka usiku wenzake wakilala, akapiga magoti akiomba, na asubuhi akajiona amepotea vile vile. Hakumwambia mtu. Ilikuwa hivyo siku nyingi, hata mama yake akatambua, akampeleka kwa mchungaji mmoja Mmethodisti, jina lake Levi Stockman. Yule mchungaji akamwekea mkono kichwani, akamweleza upendo wa Mungu kwa watoto wake wanaokosa, na kwamba Baba hapendi kuwaangamiza. Ellen akatoka amefurahi. Bibi White mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alishuhudia kwamba katika mazungumzo yale mafupi alipata kumjua Mungu kuliko katika mahubiri yote aliyokwisha kusikia.

Kila mchungaji na kila mwalimu wa katekismo amepata kumwona mtoto wa namna hii, au mama mzee wa namna hii. Basi lililompata Ellen Harmon si jambo geni. Mwezi wa Juni mwaka wa 1842 akabatizwa kwa kuzamishwa baharini, na mwaka uliofuata jamaa yake wakatolewa katika kanisa la Methodisti kwa sababu ya kushikamana na mafundisho ya Miller.

Mwaka wa 1843 ukapita. Masika ya 1844 yakapita. Ndipo wafuasi wa Miller wakafanya hesabu mpya, wakasema siku yenyewe ni tarehe 22 Oktoba 1844. Watu wakaacha mazao shambani, wengine wakafunga maduka, wakalipa madeni yao, wakaungama dhambi zao kwa jirani. Jioni ikafika, usiku wa manane ukafika, jua likachomoza tarehe 23, na Bwana hakuja. Wakalia hata machozi yakawakaukia. Watu wa mjini wakawacheka. Wengi wakarudi katika makanisa yao, wengine wakaacha imani kabisa. Miller mwenyewe akakiri kwamba alikosea katika wakati, akafa mwaka wa 1849 akimngojea Bwana pasipo kutaja tarehe tena. Wala hakuipokea Sabato ya Jumamosi.

Bali wachache hawakutaka kusema kwamba hesabu ilikuwa ya uongo. Asubuhi ile ile, mkulima mmoja wa New York aitwaye Hiram Edson alikuwa akipita katika shamba la mahindi, akafikiri moyoni kwamba tarehe ni sahihi lakini jambo lenyewe ndilo halikueleweka: Kristo hakupaswa kuja duniani siku ile, ila kuingia katika patakatifu pa patakatifu mbinguni. Wasomaji wautazame Waraka kwa Waebrania, mlango wa 1, wa 9 na wa 10, waone kama Bwana alingoja miaka 1800 kabla ya kuingia, au kama alikwisha kuingia mara moja kwa damu yake mwenyewe akaketi mkono wa kuume wa Mungu. Lakini kwa watu waliovunjika moyo neno la Edson lilikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Na mwezi wa Desemba mwaka ule ule, Ellen, msichana wa miaka kumi na saba, mgonjwa wa kifua, alipokuwa akisali pamoja na wanawake wanne katika nyumba moja ya Portland, aliona njozi. Aliwaona watu wa kungojea wakitembea katika njia nyembamba iliyoinuka juu, kuelekea mji wa Mungu, na nyuma yao, mwanzo wa njia, ipo taa ing'aayo, ndiyo ile habari ya Oktoba. Waliokana taa ile walianguka gizani. Njozi hii ikawafariji wale wachache, maana iliwaambia kwamba hawakukosea. Kwa miaka michache wakaamini hata kwamba mlango wa rehema umekwisha kufungwa kwa ulimwengu tangu siku ile. Baadaye neno hilo wakaliacha.

Mpaka hapa, wapenzi, hakuna habari ya Jumamosi. Ellen na wenziwe walikuwa wakiitunza Jumapili kama majirani zao wote. Basi Sabato ilitoka wapi?

Ililetwa na mama mmoja mjane, Rachel Oakes, Mbatisti wa Siku ya Saba. Alikaa na binti yake katika kijiji cha Washington, jimbo la New Hampshire, penye kanisa dogo la wafuasi wa Miller. Siku moja mhubiri wao, Frederick Wheeler, alikuwa akihudumu mezani pa Bwana, akawaonya watu kwamba mtu ashirikiye hapo yampasa kuzishika amri zote za Mungu. Mama yule karibu asimame. Alipomwona baadaye akamwuliza mbona yeye mwenyewe aivunja mojawapo. Wheeler hakupata jibu, na mwezi wa Machi 1844 akaanza kuitunza Jumamosi.

Na kwa nini hakupata jibu? Hapa ndipo penye mzizi wa jambo, nasi twaomba wasomaji wapasome polepole. Wabatisti wa Siku ya Saba walianza Uingereza katika karne ya 17, wakafika Marekani miaka ya 1660, na kanisa lao la kwanza huko, la Newport, liliundwa mwaka wa 1671. Hao walikuwa wana wa Wapuritani. Mwaka wa 1595 mchungaji mmoja wa Uingereza, Nicholas Bound, alitoa kitabu akifundisha kwamba amri ya Sabato ni sheria ya milele kwa watu wote, yenye kukataza kazi na michezo, ila tu siku yake imehamishwa kutoka Jumamosi hata Jumapili. Wapuritani wakalipenda fundisho hilo, wakalitia katika ungamo lao la Westminster miaka ya 1640, wakalipeleka Marekani, wakaweka faini na vifungo kwa mtu afanyaye kazi Jumapili. Basi watu walifundishwa tangu utoto kwamba wako chini ya sheria ya Sabato. Mwenye akili akasoma Biblia yake, asione mahali po pote ambapo siku ilihamishwa. Akasema: Ikiwa sheria ya Musa juu ya siku ingali inatufunga, basi ni siku ya saba. Na kwa kweli, mtu akikubali mwanzo wa maneno hayo hawezi kuukataa mwisho wake. Jumamosi ya Wasabato ni mtoto wa Jumapili ya sheria.

Martin Luther aliliona jambo hili zamani sana. Mwaka wa 1524 Karlstadt alitoa kitabu juu ya Sabato, na mwaka wa 1525 Luther akamjibu kwamba akiendelea kuandika hivyo, Jumapili itapaswa kuipisha Jumamosi, na baada ya Jumamosi itakuja tohara. Mwaka wa 1538 akaandika tena, aliposikia kwamba Wakristo wa Moravia wameanza kuishika Sabato ya Kiyahudi. Na Ungamo la Augsburg la mwaka wa 1530, katika fungu la 28, lakataa wazi kwamba Jumapili iliwekwa kuwa ya lazima badala ya Sabato. Lasema kwamba Maandiko yenyewe yameiondoa Sabato, na kwamba kanisa lilichagua Siku ya Bwana ili watu wajue wakutane lini. Tena itazameni Katekismo Ndogo. Katika amri ya tatu (Wasabato huihesabu kuwa ya nne) Luther hataji siku hata moja. Ataja Neno la Mungu, lisidharauliwe, bali lisikiwe kwa furaha. Mwalimu amfundishaye mtoto kwamba Mungu aliihamisha Sabato toka Jumamosi hata Jumapili hafundishi Katekismo yetu. Afundisha ya Wapuritani, naye amemwandalia Msabato njia.

Turudi kwa Ellen. Habari ya Jumamosi ilienda kutoka New Hampshire kwa Thomas Preble, aliyeandika makala mwaka wa 1845, nayo makala ikamfikia nahodha mmoja aliyestaafu, Joseph Bates, wa Fairhaven katika jimbo la Massachusetts. Huyu alikuwa mtu wa moyo mkuu. Mali aliyoipata baharini alikuwa ameitumia yote katika kazi ya Miller. Husimuliwa kwamba siku moja rafiki alikutana naye darajani akamwuliza kuna habari gani, na Bates akajibu kwamba habari ni hii, siku ya saba ndiyo Sabato. Mwaka wa 1846 akatoa kijitabu cha kurasa 48. Ellen alipomsikia kwanza hakukubali. Aliona nahodha akosea kuishikilia sana amri moja na kuziacha tisa. Twaliona neno lile la kwanza kuwa la busara. Lakini tarehe 30 Agosti mwaka ule aliolewa na mhubiri kijana James White, wakakisoma kijitabu pamoja, na wakati wa majani kupukutika wakaanza kuitunza Jumamosi. Tarehe 3 Aprili 1847, huko Topsham, akaona njozi nyingine: alipelekwa mbinguni katika patakatifu, sanduku la agano likafunuliwa, na kati ya amri zilizoandikwa juu ya mbao za mawe ile ya Sabato iling'aa kupita zote, ikizungukwa na nuru.

Hivyo mambo mawili yakafungwa pamoja: tarehe ya 1844 na siku ya Jumamosi. Kristo ameingia patakatifu pa patakatifu, na ndani yake limo sanduku, na ndani ya sanduku imo sheria, na katika sheria Sabato ndiyo ing'aayo. Baadaye wakaongeza fundisho waliloliita hukumu ya upelelezi: kwamba tangu Oktoba 1844 vitabu vya mbinguni vimefunguliwa, majina ya waaminio yapitiwa moja moja, tangu wa kwanza wa wafu hata walio hai, na kila dhambi yatazamwa kama imetubiwa na kuachwa. Bibi White akafundisha kwamba mwisho watakatifu watasimama mbele za Mungu pasipo mwombezi. Fikirini, wapenzi, yule mtoto wa Portland aliyekuwa akiamka usiku kwa hofu angelisikiaje fundisho hili. Mchungaji Stockman alikuwa amemwondolea mzigo, naye alipokua akajitwika tena, akawatwika na wengine.

Hatusemi haya kwa kumdharau. Maisha yake na mumewe yalikuwa ya taabu kubwa. Walianza nyumba kwa vyombo vya kuazima. James alibeba mawe penye njia ya reli, akakata kuni, akafyeka majani ili wapate nauli ya kwenda kuhubiri. Mtoto wao wa kwanza, Henry, walimwacha miaka mitano mikononi mwa rafiki, mama akilia, na mwaka wa 1863 kijana huyo akafa kwa ugonjwa wa mapafu akiwa na miaka kumi na sita. Mtoto wa nne hakuishi ila miezi michache. Mwaka wa 1855 wakahamia Battle Creek katika jimbo la Michigan, na hapo mwaka wa 1860 watu wao wakachagua jina la Waadventista wa Siku ya Saba, na mwaka wa 1863 wakaunda baraza lao kuu, hali ni watu 3500 tu.

Iko habari moja ya mwaka wa 1855 isiyosimuliwa sana. Nahodha Bates, kwa kuwa alikuwa baharia, alifundisha kwamba Sabato yaanza saa kumi na mbili jioni kila mahali, kwa maana pale ikweta jua huchwa saa hiyo. Sisi tukaao karibu na ikweta tungemwelewa upesi! Lakini katika Marekani ya kaskazini jua la wakati wa joto bado li juu saa hiyo, na wakati wa baridi limekwisha kuzama zamani. Miaka tisa waliitunza hivyo. Ndipo John Andrews akachunguza Maandiko akaonyesha kwamba ni kuchwa kwa jua. Bibi White na Bates hawakukubali mpaka siku chache baadaye, alipoona njozi ya kuthibitisha neno la Andrews. Basi ikiwa wokovu wa mtu wapimwa kwa saa, ile miaka tisa ilikuwaje? Wao husema Mungu huwahesabia watu nuru waliyo nayo. Ni jibu jema, nasi twaliomba litumike kwa Wakristo wote.

Kuanzia mwaka wa 1863 alifundisha pia habari za afya: maji safi, hewa, kuacha pombe na tumbaku, kupunguza nyama au kuiacha. Mwaka wa 1866 wakafungua nyumba ya kuuguzia Battle Creek, na tangu hapo hospitali zao zimewasaidia wagonjwa wengi, wa kwetu pia, na ni haki kushukuru. Nyama mwenyewe hakuiacha kabisa mpaka mwaka wa 1894. Mumewe alifariki mwaka wa 1881.

Sasa twafika mwaka wa 1888, nao kwetu Walutheri ndio mwaka wa maana kuliko yote katika maisha yake. Wakuu wa Wasabato walikutana Minneapolis. Vijana wawili, Ellet Waggoner na Alonzo Jones, wakasimama wakahubiri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani katika Kristo, na Waggoner akafundisha kwamba ile sheria iliyo kiongozi wa kutuleta kwa Kristo, katika Wagalatia mlango wa 3, ni pamoja na Amri Kumi. Wazee wakakasirika. George Butler, aliyekuwa mkuu wa baraza, na Uriah Smith, mhariri wa gazeti lao, walikuwa wamefundisha miaka mingi kwamba Paulo anena habari za sadaka na tohara tu. Maana waliona wazi kwamba, ikiwa anena habari za Amri Kumi, nguzo ya Sabato yatikisika. Bibi White akasimama upande wa vijana. Akawakemea wazee kwamba wameihubiri sheria hata wamekauka kama vilima visivyopata mvua. Kisha miaka miwili akazunguka na wale vijana kuhubiri haki ya Kristo, na mwaka wa 1896 akaandika kwa Smith kwamba sheria ile ya Wagalatia ni hasa Amri Kumi. Mwaka wa 1892 alitoa kitabu kidogo cha njia ya kumwendea Kristo, na Mlutheri akikisoma ataona ndani yake maneno mengi ya faraja. Sauti ya Mchungaji Stockman yasikika humo.

Lakini katika mwaka ule ule wa 1888 alitoa kitabu chake kikubwa cha Pambano Kuu. Ndani yake Luther asifiwa sana, milango mizima, na mengi yametwaliwa katika vitabu vya wanahistoria kama Merle d'Aubigné, mara nyingi pasipo kuwataja. Katika chapa ya mwaka wa 1911 majina yao yaliongezwa. Na katika kitabu hicho hicho hukumu ya upelelezi imewekwa imara, na Jumapili yaitwa kazi ya Papa, na alama ya mnyama. Hapa tuwe waangalifu. Hakusema kwamba kila atunzaye Jumapili sasa ana alama hiyo. Alisema itakuja siku ambapo serikali zitawalazimisha watu kuitunza Jumapili. Tusiwasingizie. Wala hofu hiyo haikutoka hewani, maana siku zile Wasabato katika majimbo ya kusini ya Marekani walikamatwa na kufungwa kwa kulima Jumapili, nao waliowafunga walijiita Wakristo. Ni aibu. Lakini kwamba Papa ndiye aliyeigeuza siku, hilo si kweli. Karibu mwaka wa 150 Justini Mfiadini alimwandikia Kaisari kwamba Wakristo hukutana siku ya jua, kwa sababu ndiyo siku ya kufufuka kwa Yesu. Naye Kaisari Konstantino hakutoa sheria yake ya pumziko la Jumapili mpaka mwaka wa 321. Samuele Bacchiocchi, mwanachuoni Msabato, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka wa 1977, naye aliona kwamba Jumapili ilianza katika karne ya pili.

Basi mwanamke huyu alifungua mlango wa Injili kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaushika usifunguke wote. Aweza mtu kuambiwa kwamba haki yake ni Kristo peke yake, na papo hapo kwamba jina lake lapelelezwa mbinguni, na kwamba siku ya juma ndiyo itakayowatenga kondoo na mbuzi? Atasikia lipi usiku, alalapo? Mtume Paulo, katika Wakolosai mlango wa 2, aliiweka Sabato pamoja na vivuli, na mwili ni wa Kristo. Na katika Warumi mlango wa 14 alimwacha kila mtu athibitike katika nia yake, huyu akiitukuza siku na huyu asiitukuze. Msabato apumzikaye Jumamosi kwa shukrani hana kosa lo lote mbele yetu. Kosa huanza siku ile inapofanywa kuwa sharti.

Kuanzia mwaka wa 1891 hata 1900 Bibi White alikaa Australia, akasaidia kuanzisha chuo cha Avondale. Aliporudi Marekani alikuwa mzee. Wakati huo kazi yao ilifika huku kwetu. Mwaka wa 1903 wajumbe wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipanda Upare ya Kusini wakajenga kituo huko Mamba, wakakiita kwa Kijerumani Friedenstal, ndiyo Bonde la Amani. Misioni yetu ya Leipzig ilikuwa imekwisha kuanza kazi Upare, na tangu hapo Wapare wa mlima mmoja wamesikia kengele mbili, moja Jumamosi na moja Jumapili. Mwaka wa 1906 wengine wakafika Gendia, katika nchi ya Wajaluo penye ziwa.

Bibi White alifariki tarehe 16 Julai mwaka wa 1915 nyumbani kwake karibu na St. Helena, California, mwenye umri wa miaka themanini na saba, akazikwa Battle Creek kando ya mumewe.

Na neno lile la 1844 halikulala pamoja naye. Mwaka wa 1980 Desmond Ford, Mwaustralia aliyefundisha miaka mingi katika chuo kile cha Avondale, aliwaandikia wakuu wake kurasa karibu 1000 akionyesha kwamba Waebrania haufundishi hukumu ya upelelezi, na kwamba mwamini amekwisha kuhesabiwa haki. Wanazuoni na wakuu zaidi ya mia wakakutana Glacier View, katika jimbo la Colorado, kumsikiliza, na baada ya mkutano akanyang'anywa uchungaji wake. Aliendelea kuhubiri kuhesabiwa haki kwa imani, na Jumamosi akaendelea kuitunza, hata alipokufa mwaka wa 2019.